Kwa nini monosaiti zilinyamaza nilipobadilisha GM-CSF?

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa uzamili. Natenga monosaiti (aina ya chembe nyeupe) kutoka kwenye damu ya binadamu, naziwekea GM-CSF, protini inayozichochea, nanogramu 100 kwa mililita, na kesho yake napima IL-6 na TNF, protini za uvimbe zinazotolewa na seli, kwenye majimaji ya kuoteshea. Muda wote nimetumia GM-CSF ya binadamu iliyotengenezwa ndani ya bakteria E. coli, na majibu yalikuwa makubwa. Ilipoisha tukaagiza nyingine iliyotengenezwa kwa seli za HEK293 (seli za binadamu za maabara), kwa sababu tuliambiwa ndiyo yenye ubora zaidi. Dozi ni ile ile na seli natenga vile vile, lakini IL-6 imeshuka karibu na sifuri na TNF haionekani kabisa. Vyeti vyote viwili vinasema usafi ni zaidi ya asilimia 95. Kwenye mstari wa endotoksini (sumu ya bakteria), cha zamani kinasema chini ya EU 1 (uniti ya endotoksini) kwa mikrogramu, kipya chini ya EU 0.1. Je, hii mpya ni mbovu? Nirudi kwenye ile ya bakteria?

Jibu: Kwa maelezo uliyoyatoa, mimi naishuku ile ya zamani kuliko mpya. Sisemi kwamba haikuwa na GM-CSF, wala kwamba ilikuwa dhaifu. Nashuku kwamba sehemu kubwa ya IL-6 na TNF uliyokuwa unaipima haikusababishwa na GM-CSF. Nitaeleza kinachonifanya nifikiri hivyo, kisha namna ya kulithibitisha au kulikanusha. Usilipokee kwa kuniamini tu, maana linaweza kugusa matokeo yako yote ya nyuma.

Tuanze na dozi, kwa sababu ndiyo inayotoa fununu ya kwanza. GM-CSF ya binadamu ikishakomaa ni mnyororo wa asidi amino 127, na hushika kipokezi chenye sehemu mbili: alfa, ambayo ni yake peke yake, na beta, ambayo huichangia na IL-3 na IL-5. Kipokezi kikishashikwa, kimeng'enya JAK2 huamka na STAT5, protini inayopeleka ishara ndani ya seli, hutiwa fosfeti ndani ya dakika chache. Ushikaji huo ni mkali mno. Kwenye seli za TF-1, ambazo ndizo zinazotumika sana kuipima, nusu ya jibu kamili hupatikana kwa chini ya nanogramu moja kwa mililita, mara nyingi karibu na 0.1. Wewe unaweka 100. Uko takribani mara elfu juu ya kiasi kinacholeta nusu ya jibu. Ni kama basi la abiria: likishajaa, abiria wanaozidi kufika kituoni hawaongezi idadi ya waliokaa.

Sasa litazame swali lako kwa jicho hilo. Ni kweli GM-CSF ya HEK293 hubeba minyororo ya sukari ambayo ya bakteria haina. Kwenye jeli inayotenganisha protini kwa ukubwa, ya bakteria hukaa kama mstari mmoja karibu na kilodaltoni 14.5, na ya HEK293 hupanda juu na kutanda kama ukungu, kwa sababu kila molekuli imebeba sukari kwa kiasi chake. Kwa hiyo nanogramu 100 za ile yenye sukari zina molekuli chache zaidi. Tena sukari hizo hupunguza nguvu ya kushika kipokezi, ndiyo maana kwenye sahani ya maabara ile ya bakteria mara nyingi huonekana kali zaidi kwa uzito ule ule. Yote hayo ni kweli, na kama ungekuwa unatumia nanogramu 0.1 ningekwambia umeshapata jibu. Lakini kwa dozi yako, hata protini iliyopungua nguvu mara kumi bado ingejaza vipokezi vyote. Tofauti ya sukari haiwezi kushusha IL-6 kutoka jibu kubwa hadi karibu na sifuri. Inabidi tutafute kitu kingine ambacho ya zamani ilikuwa nacho na mpya haina.

Kitu hicho, kwa kila dalili, ni lipopolisakaridi, yaani LPS, ile endotoksini iliyoko kwenye utando wa nje wa E. coli. Unapopasua bakteria ili kutoa protini, LPS inatoka pamoja nayo na kung'ang'ania kila inachokutana nacho. Watengenezaji wana mbinu nzuri za kuiondoa, ila kuondoa yote hadi mwisho ni kazi ngumu. Na hapa ndipo ile asilimia 95 inapowapotosha watu wengi. Usafi huo hupimwa kwa jeli au kromatografia, na unachojibu ni swali moja tu: kati ya protini zilizomo, kiasi gani ni protini uliyoagiza? LPS si protini. Rangi inayotumika kuonyesha protini kwenye jeli haiioni. Kichupa kinaweza kuwa na usafi wa asilimia 99 na bado kikabeba LPS ya kutosha kuamsha seli zako.

Tena umechagua seli zilizo makini kuliko karibu zote katika kuitambua. Monosaiti za damu zimejaa CD14 juu yake, protini inayoikamata LPS na kuikabidhi kwa kipokezi TLR4 na mwenzake MD-2. Makumi ya pikogramu kwa mililita zinatosha kuzifanya zianze kutoa TNF na IL-6, na kwa wachangiaji damu wengine hata chini ya hapo. Halafu kuna jambo linalofanya kesi yako iwe ngumu zaidi: GM-CSF yenyewe huziandaa monosaiti, ili LPS ikija zijibu kwa nguvu kuliko zingejibu bila maandalizi hayo. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba LPS ile kidogo ikiwa peke yake isingefanya kitu cha maana, GM-CSF peke yake isingefanya kitu cha maana, na vikiwa pamoja ndipo ukapata lile jibu kubwa.

Tupige hesabu kwa vyeti vyako. EU 1 ni sawa na takribani pikogramu 100 za LPS ya kipimo. Cheti cha zamani kinaruhusu hadi EU 1 kwa mikrogramu. Nanogramu 100 ni sehemu ya kumi ya mikrogramu, kwa hiyo kwenye kila mililita ungeweza kuwa na hadi EU 0.1, yaani karibu pikogramu 10. Kwa ile mpya, kikomo ni pikogramu 1. Pikogramu 10 ziko mpakani: seli ambazo hazijaandaliwa nyingi zingezipuuza, zilizoandaliwa na GM-CSF huenda zikazisikia. Kumbuka pia kwamba namba hiyo ilipimwa wakati toleo linatoka kiwandani. Kichupa kilichokaa muda mrefu kwenu, kikafunguliwa na watu mbalimbali, kinaweza kuwa kimeongezewa LPS na maji, pipeti au albumini iliyotumika kukiyeyushia. Albumini ya ng'ombe ni mtuhumiwa wa kawaida sana katika hili. Ila kama mlitumia albumini ile ile kwa protini zote mbili, haiwezi kuwa chanzo cha tofauti unayoiona, kwa hiyo anza kwa kuuliza aliyeziyeyusha alitumia ipi.

Usione kwamba limekupata wewe tu. Kwa miaka mingi ziliandikwa ripoti nyingi kwamba HSP60 na HSP70, protini za binadamu zinazoongezeka seli ikipata joto kali, huchochea makrofaji (seli zinazomeza vijidudu) kutoa TNF. Nadharia nzima ilijengwa juu ya hilo, kwamba seli iliyojeruhiwa hupiga mbiu kwa kumwaga protini hizo. Mwaka 2003 Gao na Tsan walionyesha kwamba HSP70 ya binadamu iliyotengenezwa ndani ya bakteria, ikishaondolewa LPS vizuri, haichochei TNF tena. Funzo lililonigusa zaidi katika kazi yao ni kuhusu kipimo cha kuchemsha. Watafiti wengi walikuwa wakichemsha protini yao, wakiona jibu limepotea wanasema, "Tazama, ilikuwa protini, kwa kuwa LPS haiharibiki kwa joto." Gao na Tsan walionyesha kwamba kwa viwango vidogo hata nguvu ya LPS hupungua ikichemshwa. Na kwa upande wa pili, zipo protini ndogo zilizofungwa imara kwa madaraja ya salfa, EGF ikiwa mfano mzuri, ambazo huchemshwa zikapoa zikaendelea kufanya kazi. Kwa hiyo usitegemee kuchemsha peke yake.

Ufanye nini basi? Jaribio la kwanza, ambalo ningelifanya wiki hii hii kama bado mna mabaki ya ile ya zamani, ni kuchora mikunjo miwili ya dozi, yaani grafu za jibu kwa kila dozi, upande kwa upande. Chukua protini zote mbili, zipunguze hatua kwa hatua kuanzia nanogramu 100 hadi 0.01 kwa mililita. Kwenye seti moja ya visima vya sahani, simamisha seli baada ya dakika 15 upime STAT5 iliyotiwa fosfeti. Kwenye seti nyingine, ziache hadi kesho upime IL-6 kama kawaida yako. STAT5 katika dakika hizo 15 ni kazi ya GM-CSF. LPS hupitia njia nyingine ya ishara, ya NF-κB, na haiwezi kuiwasha STAT5 moja kwa moja kwa haraka hiyo. Ukiona STAT5 imefika kileleni kwenye nanogramu 1 na kutulia, huku IL-6 ya protini ya zamani ikiendelea kupanda kutoka 1 hadi 10 hadi 100, umeshaona kwa macho yako: vipokezi vya GM-CSF vimejaa zamani, na kinachozidi kupandisha IL-6 ni kitu kingine kilichokuwa kinaongezeka pamoja na ujazo uliokuwa unaumimina.

Jaribio la pili ni kuirudisha LPS kwa makusudi. Weka GM-CSF mpya kwa dozi yako ya kawaida, kisha ongeza LPS safi pikogramu 3, 10, 30 na 100 kwa mililita, na uwe na visima vya LPS hizo hizo bila GM-CSF. Kama GM-CSF mpya pamoja na pikogramu chache za LPS inarudisha lile jibu kubwa la zamani, maelezo yamepatikana. Nalipenda jaribio hili kwa sababu halikuachi na "labda". Kuzuia kitu kunaweza kukuchanganya, kwa kuwa kizuizi nacho kina madhara yake. Kukirudisha kitu na kuona jibu linarudi nalo ni ushahidi wa aina nyingine.

Vizuizi vina nafasi yake hata hivyo. Tumia TAK-242, inayozima TLR4 kutoka ndani, uone kama jibu la protini ya zamani linaanguka. Kingamwili inayozuia GM-CSF nayo iwepo, maana kama maandalizi ninayoyaeleza ni ya kweli, zote mbili zitalishusha jibu. Polimiksini B hukamata LPS na ni rahisi kuipata, ila usiitumie kama shahidi pekee. Bakteria wana vitu vingine vinavyoamsha monosaiti, hasa lipoprotini zinazotambuliwa na kipokezi kingine, TLR2, ambazo polimiksini haizigusi na kipimo cha LAL hakizioni. Ukikuta TAK-242 imelishusha jibu nusu tu, fikiria hilo.

Nimetaja LAL. Hicho ni kipimo kinachotumia dondoo la chembe za damu ya Limulus, mnyama wa baharini ambaye kwa ukoo yuko karibu na buibui kuliko kaa. Frederik Bang aliona mwaka 1956 kwamba damu yake huganda inapokutana na bakteria wa aina hii, na baadaye yeye na Jack Levin wakakifanya kuwa kipimo. Nakushauri ukifanye kwenye majimaji ya mwisho yanayoingia kwenye seli, siyo kwenye kichupa tu. Kila mara weka kisima ambacho umeongeza LPS unayoijua kiasi chake, uone kama kipimo kinaipata yote. Protini zinaweza kuifunika LPS, kipimo kikasoma sifuri wakati monosaiti zinaisoma vizuri.

Sasa upande wa pili wa shilingi. Kama STAT5 haiwaki na ile mpya, au inawaka kwa shida kwenye nanogramu 100, hapo nitakubali kwamba mpya ina tatizo, na mara nyingi tatizo hilo huanzia mezani pa maabara. Kichupa cha mikrogramu 10 ukikishika kwenye mwanga unaona kama kitupu. Protini iliyokaushwa ni utando mwembamba, na wakati wa safari huenda umepanda ukutani au kwenye kifuniko. Kizungushe kwenye sentrifuji kabla ya kukifungua. Mikrogramu 10 zikiyeyushwa kwa mikrolita 100 zinakupa mikrogramu 100 kwa mililita, na usishuke sana chini ya hapo kwa akiba ya kuhifadhi, kwa sababu protini ikiwa kidogo sehemu yake kubwa huishia kujibandika kwenye plastiki. Albumini huwekwa kwa kazi hiyo hasa: inazitangulia kuta. Usitikise kwa mashine, geuza polepole tu. Usipitishe kwenye kichujio baada ya kuyeyusha, kwani kichujio nacho kinakula protini. Gawa kwenye vichupa vidogo vya kutumia mara moja, visiwe chini ya mikrolita 10, na viweke kwenye friza ambayo haijiyeyushi barafu yenyewe, kwa sababu friza za kujiyeyusha hupasha na kugandisha protini yako usiku na mchana bila wewe kujua.

Kuhusu kurudi kwenye ile ya bakteria: sina kinyongo na bakteria, na aliyewaambia kwamba ya HEK293 "ina ubora zaidi" amerahisisha mno. Tazama zilizofika hospitalini. GM-CSF inayoitwa sargramostim hutengenezwa kwa hamira, ina sukari za hamira, na iliidhinishwa Marekani mwaka 1991. Molgramostim ni GM-CSF ya E. coli, haina sukari yoyote, na wagonjwa wamepewa. G-CSF, protini nyingine inayochochea chembe nyeupe, ni hivyo hivyo: filgrastim hutoka kwa E. coli, haina sukari na ina methionini ya ziada mwanzoni mwa mnyororo, lenograstim hutoka kwa seli za mamalia ikiwa na sukari yake, na zote mbili hupandisha neutrofili, aina ya chembe nyeupe. Swali sahihi ni protini gani unaitaka na kwa seli zipi.

Zipo protini ambazo bakteria huziharibu kweli, na mfano ninaoupenda ni RANTES, ambayo sasa huitwa CCL5. Ni kemokini (protini inayoita seli zisogee) ndogo ya kilodaltoni 8 hivi, na mwanzo wa mnyororo wake ndio unaoiamuru seli isogee. Bakteria huanza kila protini kwa methionini. Kwa protini nyingi hilo halina neno, ama methionini huondolewa, ama inabaki bila kudhuru, kama kwa filgrastim. Kwa RANTES ikibaki, asidi amino hiyo moja inaigeuza: bado inashika kipokezi, lakini haikiamshi, na inaizuia RANTES halisi. Hilo lilichapishwa mwaka 1996. Jina la protini ni lile lile, usafi ni ule ule, na kazi ni kinyume. Ukinunua kemokini yoyote, soma kwenye karatasi yake mnyororo unaanzia asidi amino ipi.

TGF-beta 1, protini nyingine ya ishara, ni kisa kingine. Ni jozi ya minyororo ya asidi amino 112 kila mmoja, yenye sisteini tisa tisa zilizofungamana kama fundo, na kuifanya ndani ya bakteria kunadai kuikunja upya kutoka kwenye mabonge, kwa hiyo inayouzwa nyingi ni ya seli za mamalia. Huyeyushwa kwa asidi hafifu, si kwa maji ya chumvi ya PBS. Wnt3a, nayo protini ya ishara, hubeba mafuta yaliyofungwa kwenye mnyororo wake, kitu ambacho E. coli hawana mtambo wa kukifanya, na bila mafuta hayo haina kazi. Kwa hizi, nunua ya seli za mamalia bila kusita.

Kwa GM-CSF na monosaiti zako, ushauri wangu ni ubaki na yenye endotoksini ya chini kabisa unayoweza kuipata, iwe ya HEK293 au ya bakteria iliyosafishwa vizuri, na ushushe dozi. Baada ya mkunjo wa STAT5 utajua kileleni ni wapi. Kwa jaribio la siku moja, nanogramu 5 hadi 10 zitakutosha sana. Wanaootesha seli kwa siku sita au saba huweka nyingi kwa sababu seli huimeza GM-CSF kadiri siku zinavyokwenda, ila wewe hufanyi hivyo. Kushusha dozi mara kumi kunapunguza uchafu nao mara kumi. Na mkibadilisha toleo, lilinganisheni kwa TF-1 au STAT5 badala ya kulinganisha mikrogramu. Cheti kikikupa uniti kwa miligramu, fahamu kwamba wengi hupata namba hiyo kwa kugawanya milioni moja kwa kiasi kinacholeta nusu ya jibu, kikiwa katika nanogramu kwa mililita. Nanogramu 0.1 inakuwa uniti milioni 10 kwa miligramu. Zikiwa zimepimwa kwa seli tofauti, kwenye maabara tofauti, namba hizo hazilinganishiki moja kwa moja, isipokuwa zote ziwe zimepimwa dhidi ya kipimo cha kimataifa cha WHO.

Matokeo yako ya nyuma usiyatupe kwanza. Yapange makundi mawili: yale yanayosimama juu ya IL-6, TNF au chochote ambacho LPS pia huleta, na yale ya STAT5, uhai wa seli au umbo lake. Kundi la kwanza lirudie na protini mpya, ukiwa na visima vya LPS peke yake pembeni. Kundi la pili lina uwezekano mkubwa wa kusimama, ila jaribu moja au mawili kuhakikisha. Mweleze msimamizi wako mapema, ukiwa na mikunjo ile miwili mkononi. Na kwenye sehemu ya mbinu andika seli iliyotengeneza protini, namba ya toleo, kama ilikuwa na albumini au la, na endotoksini uliyoipima wewe kwenye majimaji ya mwisho.